Taa Nyekundu ya Ambakisye

Alhamisi, jioni. Mvua haijakatika tangu mchana.

Laiti nisingepita sokoni leo. Nilikuwa nachagua ndizi nikakutana na Mama Tusa, mjane wa Ambakisye, dereva msaidizi wangu miaka yote ile ya treni za mizigo.

"Ndaga, shemeji," akanisalimu. "Nasikia kesho unahutubia wanafunzi pale Kawetele, habari za kitabu chako. Nitakuja na wajukuu, wakasikie habari za babu yao."

Nikacheka kama mjinga. Babu yao hayumo kitabuni.

Kazini, kila taa ikionekana mmoja wetu aliitaja kwa sauti na mwenzake akaitikia. "Kijani!" "Kijani!" Hivyo tulijua kwamba sote tuko macho. Usiku mmoja Ambakisye aliita "Nyekundu!" mara mbili na sikuitikia. Nilikuwa nimesinzia. Yeye ndiye aliyefunga breki, tukasimama hatua chache tu nyuma ya treni ya abiria. Hakunisema kwa mkubwa yeyote mpaka anakufa.

Kitabuni nimeandika kwamba taa niliiona mimi. Kila ninapohutubia, watu hupiga makofi hapo hapo. Na mimi huwa nanyamaza kidogo, nikiyasubiri...

Sasa hivi nimeijaribu hotuba upya, kwa sauti, nikalitaja jina lake. Mke wangu akauliza kutoka jikoni:

"Kwani Ambakisye naye alikuwepo siku ile?"

Mpaka naandika hapa, sijaitikia.