Mnunuzi Kwenye Mkeka wa Eda

Alhamisi. Joto la kunata, na feni ya ukumbini imegoma leo hii hii. Nimechoka. Si uchovu wa kazi, ni wa kuficha jambo wiki nzima.

Baba alifariki, huu ni mwezi wa pili sasa, na mama yuko kwenye eda. Kaka zangu wawili wameshakubaliana nyumba iuzwe, eti mama asiambiwe mpaka amalize eda. Kazi ya kuwatembeza wateja wameniachia mimi, kwa kuwa ndimi ninayeishi na mama hapa Kariakoo.

Dalali anainadi kwenye simu: vyumba sita, ukumbi, ua mpana, "unaigeuza unavyotaka, sista." Ananiambia mimi! Chumba hiki ninachoandikia, bibi aliuguzwa humu, mimi nikapambwa bibi harusi humu, kaka akajaza marobota ya mitumba humu, kisha nikarudi na talaka yangu humu humu. Hakuna aliyewahi kukosa pa kulala.

Leo saa nne amekuja mama mmoja wa Kichaga, ana duka la vitenge mtaa wa pili. Dalali alibaki barazani. Mama yangu alimwona mgeni koridoni, akamkaribisha kama anavyowakaribisha wanaokuja kuhani msiba.

"Pita mwanangu, kaa mkekani."

Nilitakiwa kusema kwamba ni mteja wa nyumba. Nikaenda kumletea mgeni khanga.

Yule mgeni aliniangalia, akavua viatu, akajitanda khanga niliyompa, akakaa. "Pole sana, mama. Mungu akutie nguvu." Alisikiliza ugonjwa wa baba mwanzo mpaka mwisho, akanywa kahawa, akaondoka bila kufungua hata chumba kimoja. Mlangoni akaniuliza kwa nini mama hajaambiwa. Nilijifanya namtafutia viatu vyake, na vilikuwa miguuni pangu.

Kwa watu nasema namwonea mama huruma. Hapa niseme kweli: naogopa. Nikimwambia, ataniuliza tutahamia wapi, na sijui. Kaka mkubwa amepanga vyumba viwili Buguruni na ana watoto watano. Mdogo wake hata simu yangu hapokei siku hizi.

Jioni nilimpelekea mama uji. Alikunywa nusu, akaweka kikombe chini.

"Yule mama akirudi, mwambie chumba cha uani kinavuja. Asije akanunua, halafu akatulaumu."

Nikakaa pale pale kizingitini. Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Wiki hii wamekuja kunihani watu watatu, wote wanaangalia dari."

Nililia. Yeye hakulia. Alinisogezea uji uliobaki, akaniambia ninywe maana sijala tangu mchana.

Kesho asubuhi nawapigia kaka zangu. Waje wamwambie mama wenyewe, machoni pake, na mimi watanikuta nimekaa upande wake.