Baraza Limeshindwa

Baba, shikamoo.

Ni mimi Skola, mwanao wa pili, naandika kutoka huku Mtowisa. Mama hajambo? Miguu yake inasemaje na baridi ya huko juu? Mimi mwili mzima, ila upweke umenikalia. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Barua nimempa dereva wa lori la mchele anayepita Laela, akukabidhi mkononi.

Uliyosikia ni kweli, nimetoka kwa mume wangu. Alimwingiza mwanamke ndani wakati mimi nipo shambani navuna mpunga. Kurudi, nikamkuta amevaa kitenge changu! Ningekaa vipi, Baba? Sasa nimepanga chumba kimoja.

Nilidhani talaka ni ya wenye hela. Bwana mmoja wa hapa sokoni, anayeandikia watu barua za kesi, aliniambia niuze magunia mawili ya mpunga anitafutie wakili Sumbawanga. Nikauza, nikampa hela. Wakili sijamwona mpaka leo. Mjinga nilikuwa mimi.

Nikaenda baraza la kata. Tukaitwa wote wawili, mwenzangu akatukana mpaka wazee wa baraza. Mwisho nikapewa karatasi: "Baraza limeshindwa kuwasuluhisha." Mie kuona tu limeshindwa, nikajua nimeshindwa kesi. Nikalia, nikaifungia sandukuni, nikakaa miezi mitatu nauza vitumbua ili nipate hela ya kuanza kesi upya.

Juzi nikaipeleka mahakama ya mwanzo kuuliza. Karani, mama mtu mzima, akacheka. "Wewe dada! Hii ndiyo tunayoitaka. Bila hii tungekurudisha barazani." Akasema wakili si lazima, nitajieleza mwenyewe, na ada nilipe pale pale nidai stakabadhi. Nimelipa kwa hela ya vitumbua vya wiki mbili.

Nikamuuliza na habari ya mahari, maana nasikia unataka kuuza ulezi wote ununue ng'ombe wa kuwarudishia wakwe zangu. Akasema talaka haisubiri ng'ombe, wakiwa na madai wayapeleke mahakamani. Kwa hiyo usiuze, Baba. Mtakula nini?

Najua utasema ndoa ya kanisani haivunjwi na hakimu. Padre naye kaniambia hivyo hivyo, ila akasema nisiache misa. Naenda, nakaa benchi la nyuma. Wanawake niliokuwa nao jumuiya moja wananisalimia kwa mbali. Jioni napika ugali, kila siku nakosea kipimo, unabaki. Nimechoka kula peke yangu.

Msalimie Mama sana. Kaka Deo mwambie asithubutu kuja huku kupigana na mtu. Shangazi aliyenisindikiza siku ya harusi mwambie simlaumu.

Kesi itasikilizwa baada ya Pasaka, na hiyo nitaimudu. Ninachoogopa ni siku ya hukumu. Karani ataniambia, "Haya mama, yamekwisha, nenda nyumbani," nami nitasimama pale nje sijui ni nyumbani kwa nani. Nikija kwako, Baba, utanipokea?

Mwanao,
Skola