Kabla Hujaing'oa Miparachichi

Chamazi, Temeke
16 Juni 2024

Kaka yangu mpendwa Gibson,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tukuyu, wewe, wifi Benedicta na watoto, na kwamba baridi ya mwezi huu haijawalaza kitandani. Mie sijambo, namshukuru Mungu. Shule tumefunga, madaftari ya kusahihisha yameisha, na nyumba imekuwa kimya mno.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimeshika simu mara tatu nikaiweka chini. Haya ninayotaka kukueleza nisingeyamaliza kwa mdomo.

Brightson, mtoto wa shangazi, alinipigia juzi akasema unataka kuing'oa miparachichi yote. Alisema tangu tumzike babu mwezi wa kumi na moja hujaipalilia. Unasema miti hiyo ndiyo iliyomfukuza babu kijijini, kwa kuwa uliipanda baada ya kukata kahawa yake ya tangu ujana, mkagombana, akaja kwangu kutibiwa macho na asirudi.

Kwanza nikusimulie alivyoishi hapa, maana hukumwona. Alikuja kwa wiki tatu, akakaa miezi minane. Daktari alipomtoa mtoto wa jicho alimwambia apumzike. Alipumzika, nadhani, siku mbili. Mara tu jicho lilipotulia alimtuma jirani yangu Mauwa amnunulie jembe Mbagala, akaingia kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba, bila kumwuliza mtu, akaanza kupiga matuta. Mauwa alicheka, akamwambia huku ni mchanga mtupu. Babu akamjibu kwamba hata mchanga ukilishwa samadi unashika adabu. Akawa anazoa kinyesi cha kuku wa Mauwa kwa ndoo, alfajiri, kabla sijaamka. Unamjua mwenyewe, jua likimkuta kitandani anajihesabu mgonjwa.

Mwenye kiwanja alitokea mwezi wa sita. Ni Mzee Matar, ana duka la vitambaa Kinondoni, na alikuja na fundi kupima msingi. Nilitoka mbio nikijua leo ni kesi. Babu alimsalimia, akamwulizia familia yake, kisha akamkabidhi fungu la maharage mabichi kana kwamba yeye ndiye mwenyeji. Mzee Matar akanivuta pembeni, akaniambia marehemu baba yake naye alikuwaga hivyo hivyo, hawezi kuona ardhi imekaa bure. Msingi ukasubiri mavuno.

Nikirudi shuleni nilimkuta kibarazani ameshaosha jembe na miguu. Alikuwa akisimama, mzee wa miaka themanini na mbili, ananipokea mkoba na kunipa pole ya kazi. Kaka, tangu mama afariki hakukuwa na mtu wa kunisubiri nyumbani. Naikumbuka pole ile kuliko kitu chochote. Mpaka leo nikifungua geti nasimama kidogo, nasikiliza.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Kila Jumapili baada ya ibada babu, ambaye hakuwa na simu yake, aliniomba nikupigie, uje umchukue. Alisema macho yamepona na kazi inamngoja. Nami nilikuwa naweka simu sikioni bila kupiga, namwambia hupatikani. Ulipopiga wewe nilikujibu amelala, au bado ana kinyongo. Nilidanganya huku na huku, na babu hakunishuku hata mara moja. Nilijua ukija ataondoka siku hiyo hiyo, nami nibaki na kuta. Nikajiambia wiki moja zaidi haina neno. Wiki zikawa miezi, hadi asubuhi ile alipoanguka kwenye matuta.

Kinyongo hakuwa nacho. Mwezi wa nane Brightson alituma picha ya shamba kwenye simu yangu. Babu aliisogeza jichoni, akaitazama mpaka kioo kikazima. Akasema majani yamekuwa ya njano kwa sababu mashimo uliyachimba mafupi, tangu utoto una haraka. Aliniagiza nikuambie kwamba shimo la mparachichi lazima limeze mkono mpaka kwapani, na usichimbe mengine peke yako, anakuja mchimbe pamoja. Sikukuambia.

Usiing'oe, Kaka. Nikasirikie, usinijibu, hata ukikataa kuniita mdogo wako nitakuelewa. Ila miti usiiadhibu kwa kosa langu. Babu hakukukimbia. Alikufa akingoja uje.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda. Ukiamua kuwaeleza niliyoyafanya, waeleze yote, usinifichie.

Mdogo wako, kama bado utanikubali,
Tupokigwe