Upanga Wenye Mtutu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimefungua sanduku la mwisho la vielelezo vya mahakama, vile vilivyoletwa makumbusho kusafishwa. Ndani mna upanga wenye bastola ubavuni. Kitu cha kijinga — mtutu umebandikwa kando ya kipini, upanga unaelemea upande mmoja, ukilenga kiganja kinapinda. Kwa upanga haufai, kwa bastola haufai.

Kikaratasi kwenye ala: Matar Silima, 1971.

Nimekaa chini. Ndio uliomuua babu yangu Hamid! Matar ni kaka yake bibi Rukaiya. Asubuhi ile walikuwa wamegombana na babu juu ya mpaka wa shamba, kule karibu na Jozani. Alifungwa miaka kumi na mbili. Tangu atoke anaishi Mangapwani peke yake, na nyumbani kwetu hatajwi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeuchunguza, nshahakikisha hauna kitu ndani. Kifyatulio hakina kikinga, kimetokeza nje. Nimeinua nyundo, nikaurudisha upanga alani taratibu. Mdomo wa shaba wa ala ukakisukuma kifyatulio nyuma, nyundo ikaanguka. Ta.

Nimerudia mara tisa. Mara tisa, ta.

Fundi gani huyu? Mtu anaiweka silaha yake, ndipo inapopiga! Na mahakama nzima hakuna hata mmoja aliyejaribu kuutia alani? Nimesukuma kiti kwa hasira mpaka nimevunja chupa ya mafuta.

Alhamisi, 7 Agosti

Mangapwani. Mzee Matar amedhoofu, jicho moja halioni. Nimempa shikamoo, nikamwambia mimi ni Bashira, mjukuu wa Rukaiya. Hakuniuliza nimefuata nini. Ameuliza tu kama dada yake bado anasumbuliwa na goti.

Nikamweleza nilichokiona. Akasema walikuwa wakiushindilia baruti na risasi, nyundo wakaiacha juu, kwa ajili ya kima waliokula mazao. Siku ile Hamid kaketi mkekani, ubavuni pa Matar.

"Nilimwambia hakimu nilikuwa naurejesha," akasema. "Akanambia, bastola gani inapiga ikirejeshwa?"

Hakuwa na hasira. Hasira ninayo mimi. Ameniandikia namba ya simu yake, tarakimu kubwa kubwa kama za mtoto.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia bibi baada ya sala. Kwanza alijifanya hasikii. Kisha akasema yeye ndiye aliyesimama mahakamani kutoa ushahidi, yeye ndiye aliyemuona kaka yake kamuelekezea mumewe upanga. Nikamjibu kwamba ukitia upanga alani lazima uelekee mahali. Akanifukuza chumbani.

Nami nikamjibu vibaya. Nimemwambia alimfunga kakake kwa ulimi wake. Mama amelia. Sijaomba radhi, na leo siombi.

Jumamosi, 9 Agosti

Bibi kaninunia. Chai kanirudishia.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi nimemkuta bibi kashavaa buibui, kakaa kizingitini. Akanambia, twende ukanioneshe hilo dude lako.

Karakana ya makumbusho imefungwa Jumapili, nimemuomba mlinzi. Nimemkalisha bibi kwenye kiti changu, nikaanza kumuonesha. Akaninyang'anya. Anataka mwenyewe. Nikamuinulia nyundo, akautia upanga alani kwa mikono yake miwili.

Ta.

Akaniashiria niinue tena. Mara ya pili. Mara ya tatu aliutia polepole mno, kama anayeubembeleza usilie. Ta.

Ameuweka mapajani. Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mengi, tangu Ijumaa nayapanga. Nimeshindwa kusema hata moja, na hilo nalo limenikasirisha.

Akaomba simu. Nimepiga ile namba, nikaweka sauti kubwa.

"Naam," akaitika mzee.

Bibi kaivuta simu karibu. Mzee akaita tena, nani mwenzangu?

"Shikamoo, kaka," akasema bibi.

Naandika hapa hapa mezani, simu iko kati yetu. Haijakatika, dakika zinahesabika kwenye kioo. Nasikia majogoo wa Mangapwani, nasikia mzee anavyopumua. Bibi kainamisha sikio, anangoja aitikiwe.