Atupele Miguuni pa Babu Yake

Mama mpenzi,

Mugonile, Mama? Mmeamkaje huko Kisondela? Mgongo umepoa? Na migomba, imesimama baada ya ile mvua ya mawe? Nijibu yote, usiniandikie "tunaendelea vizuri" basi. Sisi huku Tanga wazima, ila joto, jamani!

Mjukuu wako Atupele ana miezi saba na meno mawili, na juzi kaiona Diwali yake ya kwanza, ile sikukuu ya taa ya kina Kishor. Tulipanga taa za udongo toka mlangoni hadi uani. Siku hizi madukani kila kitu kipo, si kama miaka ile ya foleni ya sabuni, basi mume wangu kaleta fataki boksi zima. Mtoto hata hakulia, anarusha mikono tu!

Sasa sikia. Ulinifunza kwamba baba mkwe hatazamwi, wala mke wa mwanawe hakutani naye. Nimeshika, Mama. Tangu niolewe, nikisikia kikohozi chake nabeba mwanangu mbio hadi jikoni. Nilidhani dunia nzima inafanya hivyo. Kumbe mzee wa watu anaamini namchukia, kwa kuwa mwanzoni hakutaka Kishor anioe. Miezi saba hajampakata mjukuu wake, anamsikia sauti tu.

Siku ya Diwali vijana huinama kugusa miguu ya wazee wapate baraka. Kishor ananiita, mimi nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Nikamsikia mzee: "Mwache. Hajanisamehe, na ana haki."

Nililia, Mama. Nikamweleza mama mkwe yote, palepale kwenye masufuria. Alicheka mpaka akashika meza.

"Wewe! Mimi mbele ya baba yake huyu mzee nilijifunika uso miaka kumi na moja. Si ungesema?"

Akanivutia khanga usoni, akanishika mkono hadi sebuleni. Nikainama. Miguu ya mzee sikuigusa, nilishindwa kabisa. Nikamlaza Atupele juu ya miguu hiyo.

Halafu mtoto akainuliwa, nikamsikia akicheka, na mzee akilia waziwazi. Nilifurahi nikasahau hata njia ya jikoni.

Nisalimie baba, na mama mdogo wa Bulyaga, mwambie kitenge chake ndicho nilichombebea mtoto siku hiyo. Kaka wa kiwanda cha chai naye aache uvivu, aandike.

Usihofu, bado sijamtazama baba mkwe usoni. Tumeelewana: anakohoa mara tatu, anasimama nje ya mlango wa jikoni, anageukia ukutani, anaingiza mikono tu. Nampa mtoto, anaondoka naye.

Nakomea hapa. Kikohozi cha tatu hicho, na mikono imeshaingia.

Mwanao,
Tusekile