Hesabu ya Taa Uliyonifundisha, Dada Rehema

Dada Rehema,

Mkono wangu umevimba, nivumilie mwandiko. Juzi mahakamani, mumeo alipoingizwa kwenye kizimba cha kioo, nilikipiga kile kioo ngumi hadi vidole vikachanika. Askari walinitoa nimebebwa. Nilitaka kumfikia, dada. Nilitaka shingo yake.

Nilikuwa naliona jiko lenu la chini ya ardhi kule Brampton, huku ughaibuni, ile jioni uliyokuwa unajiandaa kwa mtihani wa chuo. Nilikuwa nimeunganisha taa ya LED moja kwa moja kwenye betri, ikapasuka na kunuka. Ukacheka. "Mdogo wangu, taa nyekundu inatumia volti mbili tu. Betri ina tisa. Hizo saba lazima zishukie kwenye rezista, hiki kidude cha kupunguza umeme." Ukanionyesha: saba gawanya kwa mkondo wa taa, ampea sifuri nukta sifuri mbili, unapata omu mia tatu na hamsini, ndicho kipimo cha rezista. Dukani hakuna hiyo, ukasema, chukua inayofuata juu, mia tatu na tisini, taa isiungue.

Ndipo mumeo akaingia. Akauliza nani kakuruhusu kusoma. Akakupiga usoni na kibao tulichokuwa tunaunganishia taa, kisha akakubandika mkononi chuma cha kulehemu kikiwa bado cha moto. Nilimpiga na kikaango mgongoni, akanisukuma ngazini. Polisi walimchukua, wakamwachia kwa sharti asikukaribie. Akaja kukungoja nje ya kiwanda ulichokuwa unafanya kazi, na kisu.

Wewe... siwezi kuandika hapo.

Binti yako Salma yuko kwangu, mtaa wa St. James Town. Tangu tukuzike alikuwa hajawahi kukutaja. Wiki iliyopita alitengeneza taa za kazi ya shule kwa betri kama ile yetu, tatu nyekundu kwenye mstari mmoja, zikawaka kwa kufifia. Akazirusha ukutani, akapiga teke mlango, akanipiga na mimi kifuani. Nilimshika mpaka akatulia, kisha tukaokota vipande. Nikamwambia kila taa inachukua volti zake mbili, tatu zimechukua sita, kati ya tisa za betri zimebaki tatu tu. Ile rezista ya mia tatu na tisini aliyoiweka ni kubwa mno, hapa inatosha ya mia na hamsini. Akabadilisha. Zikawaka sawasawa. Akaniuliza kwa Kiingereza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, kwa mama yako. Akalia, akasema kwa Kiswahili, "Nimemkumbuka mama."

Mumeo amepatikana na hatia. Kabla ya kifungo kutajwa, familia inaruhusiwa kusema. Jaji amekubali nirudi, mradi nikae mbali na kile kioo. Nitakaa mbali. Wakili wa serikali alinishauri niseme kwa Kiingereza, nikakataa, nikaomba mkalimani.

Pumzika, dada yangu. Salma ni mwanangu sasa, na hakuna mkono utakaoinuliwa juu yake nikiwa hai. Na siku hiyo mahakamani nakuahidi nitasimama niseme yote aliyokufanyia mumeo, kwa Kiswahili chetu. Jaji na wengine watamsubiri mkalimani. Yeye atanisikia mimi.

Mdogo wako,
Mwanahawa