Saa Kumi Bila Kwaheri

Mwenzangu uko wapi?

Unakumbuka nilivyong'ang'ania tuweke mfumo wa Linux kwenye seva, ile kompyuta kuu ya shule? Ofisini wana Windows, mwalimu wa sanaa na Mac yake, nikasema Linux itawaunganisha wote. Mwalimu mkuu akaniamini. Leo asubuhi nikafuta seva nzima, nikaanza upya.

Mchana kila kitu kinateleza kama maji, nikabaki kuiangalia. Halafu saa kumi jioni nikaona walimu wanakodolea skrini macho. Wote. Nikadhani mtandao umekatika.

Kumbe yule fundi aliyenitangulia, marehemu, alitegesha ujumbe kwenye ile seva niliyoifuta. Kila siku saa kumi ulitokea kwenye kompyuta zote: "Kazi haiishi. Nendeni nyumbani. Kwaherini." Mimi huwa natoka saa tisa, sijawahi kuuona.

Mwalimu mkuu ni dada yake, si unajua. Hakunifokea. Bora angenifokea. Aliuliza tu, "Leo kaka hajatuaga?"

Hajatuaga.

Kuuandika ule ujumbe upya ni dakika mbili. Nimekaa hapa saa nzima. Nikiuandika, anayewaaga kesho ni mimi, si yeye.